UZI: Programu ya kurekodi muziki hapa Lubumbashi, kuanzia mwenye simu tu mpaka mwenye dola 300

Jambo yenu bandugu na badada.

Kila juma kuna mutoto mumoja, leo wa Kamalondo, kesho wa Kenya (ile komini yetu hapa, si inchi), ananiandikia: yaya, nitumie programu gani ya kurekodi? Na mara mingi mbele nijibu, rafiki amekwisha kumupa flash yenye programu ya magiga na magiga, anaiweka ku mashini yenye RAM (kumbukumbu) ya giga 4 tu, mashini inapuliza kama feni, inakwama, na mutoto anaacha muziki akisema kumbe haiko kazi yake. Ile inaniuma kabisa, juu sauti yake nilishaisikia na najua kitu iko ndani. Leo ni siku ya delestaji kwetu, umeme unakatwa kwa zamu, betri ya laptop iko na kama saa mbili, acha niandike yote hapa pamoja.

Mimi nafanyia hii kazi mu chumba kimoja hapa Katuba, mita tatu kwa tatu na nusu, malata juu, mablanketi ku ukuta. Napitisha korali, ba-rapa, wapiga gitari, hata familia zenye zinaleta babu asimulie habari ya kijiji chao mbele hajaondoka. Siko fundi wa studio kubwa. Lakini makosa yote ya mutu mwenye makuta kidogo nilishayafanya mie mwenyewe.

Kitu kimoja nataka mushike kwanza: hapa kwetu bei ya programu haiko dola peke yake. Kuna bei ya mega za kuishusha, kuna bei ya umeme na ya mashini yenye inaitaka, na kuna zile programu zenye zinataka intaneti mara kwa mara ili zihakikishe ni wewe ulinunua, sasa siku network iko chini na mwimbaji amelipa teksi kutoka Kampemba kuja, utamwambia nini? Programu ya bure yenye inakula giga nne na kudai mashini mupya inaweza kukutoa makuta mingi kuliko ya dola 60 yenye iko ya mega 15 tu.

Sasa tuingie.

Kama hujawahi kurekodi hata siku moja na unataka kujua sauti inaingiaje mu mashini, anza na Audacity. Ni ya bure, iko kwa Windows, Mac na Linux, iko tangu mwaka 2000 na mashini ya zamani inaibeba. Unabonyeza kitufe chekundu, unaimba, unaona mawimbi, unakata kikohozi, unapunguza kelele ya feni, unatoa MP3. Kwa mahubiri, kwa simulizi ya babu, kwa sauti moja na gitari moja, inatosha kabisa na mutu asikudharau. Na kitu ninachoipendea: umeme ukikatika katikati, ukiifungua tena inakuuliza kama unataka irudishe ile kazi yenye haukuhifadhi. Kasoro yake ni kwamba haiko ya kupigia ala kwa kibodi ya MIDI (kinanda cha kuchomeka ku mashini), na ukifika treki (mistari ya sauti) kumi na tano na zaidi kazi ya kupanga inakuwa nzito, unatafuta kitu hukioni.

Baada ya pale, na njo nasimama hapa muda mrefu kidogo, kuna Reaper. Batu wengi hapa hawaijui juu haina kelele ya matangazo. Ilitengenezwa na Justin Frankel, ule mwenye alitupa Winamp, ile yenye sote tulisikilizia muziki mu ba-sayiba, zile nyumba za intaneti ya kulipia. Unaishusha kwa mega kama 15, mega kumi na tano bandugu, ni kama nyimbo tatu nne. Unaijaribu siku 60 ikiwa nzima, hakuna kitu imefungwa. Kisha ni dola 60, unalipa mara moja, na ile bei ni ya mutu anayeitumia kwake ao mwenye biashara yake ya muziki haiingize zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Niambieni nani kati yetu amepita pale. Kanisa na shirika lisilo la faida nayo yanaingia mu ile bei. Ukinunua leo mu toleo la 7, inakubeba mpaka mwisho wa toleo la 8, miaka mingi hiyo. Ufunguo ni faili dogo tu, unaliingiza mara moja basi, hata ukae miezi mitatu bila intaneti inafunguka.

Ubaya wake nauita ubaya kweli: ukiifungua mara ya kwanza iko tupu. Hakuna piano, hakuna ngoma, hakuna biti yoyote inakungojea. Ala unazitafuta wewe, na ziko za bure nzuri, Vital kwa sauti za sintetiza, MT Power Drum Kit kwa ngoma, TDR Nova kwa kusafisha sauti, zote zinaingia kama plagini (programu ndogo za kuongeza ndani ya ile kubwa) za VST, ule mufumo wenye Steinberg ya Ujerumani ilileta mu 1996 na leo karibu kila programu inauelewa. Juma la kwanza utachoka. La pili utaanza kuelewa. Mie mwezi wa tatu ndio nilisema sitoki tena humu.

Na kwa muziki wetu kuna kitu moja Reaper inafanya vizuri: tempo, ule mwendo wa wimbo. Wimbo unaanza taratibu, kisha sebene, ile sehemu ya gitari na kucheza, inaingia na mwendo unapanda. Ukiweka metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo) ya namba ile ile tangu mwanzo mpaka mwisho, sebene inakufa, mupiga solo anakuangalia vibaya. Mu Reaper unaweka alama pale sebene inaanzia, unaandika namba mupya, basi. Programu zingine pia zinafanya, lakini pale ni dakika moja.

FL Studio. Najua munaingojea. Hii ni ya Image-Line ya Ubelgiji, ilianza 1997 ikiitwa FruityLoops, na kwa kutengeneza biti sijaona kitu chenye kinaenda mbio kama ile. Mutoto wa miaka kumi na tano anaikaa saa moja anatoka na biti. Na ukinunua mara moja unapata matoleo yote ya mbele bure, maisha yote, ile ni neno kubwa. LAKINI someni vizuri mbele ya kulipa: toleo la chini kabisa, Fruity, lenye bei ya karibu dola 100, HALIREKODI SAUTI. Narudia, halirekodi sauti ya mutu. Unataka Producer, yenye inakaribia dola 200. Kuna ndugu alilipia Fruity na karti ya dada yake wa Ulaya, akaja kwangu usiku na mikro mu mukono kuuliza mikro inaingia wapi. Haiingii. Tulikaa kimya wote wawili.

Vile vile LMMS, ni ya bure na inafanana FL kidogo, biti unatengeneza, lakini toleo lake la kawaida halirekodi mikro. Watu wanaipakua juu wameona imeandikwa bure, wanapoteza siku tatu.

Zingine nazipitia haraka. Ukiwa na Mac, GarageBand iko mule bure, itumie mpaka ikushinde, kisha Logic Pro ni dola 200 mara moja na haiko bei mbaya kwa kile inatoa, ila ile maktaba yake ya sauti ukiitaka yote tayarisha mega za kutosha na diski ya kutosha. Ableton Live ni ya Berlin, nzuri kwa mutu wa kupiga jukwaani na vipande. Cubase ni ya wazee wa kazi, iko tangu 1989, na ukitaka kufanya mipangilio mikubwa ya ala iko na nguvu. Pro Tools, utaikuta mu studio kubwa za dunia, kuna toleo la bure linaitwa Intro tangu 2022 lenye treki 8 za sauti, ya kulipia mara mingi ni kwa mwezi ao kwa mwaka, na mie kulipa kila mwaka kitu chenye siwezi kukifungua nikikosa mwaka mumoja siwezi kumushauri mutu wa hapa. Kama unaenda kusomea kazi ya sauti ao kufanya kazi na studio za nje, pale ndiyo, ijifunze.

Sasa jambo la krake, zile programu za kulipia zenye zimevunjwa ili batu wasilipe. Sitaki kupita bila kulisema.

Mu 2016 nilinunua flash mu butike moja ya mujini, dola tano, programu kubwa yenye kila mutu alikuwa anaitaja na maplagini yake yote. Maelezo ilikuwa karatasi ndogo: zima antivirusi kwanza, kisha instoli. Nilizima. Siku tisa ilienda vizuri. Siku ya kumi nafungua folda ya korali moja, nyimbo nane, kazi ya juma sita, kila faili imebadilisha jina mbele na nyuma na haifunguki, na barua ya kizungu juu ya skrini inadai makuta. Diski ya nje ilikuwa imechomekwa mule mule, nayo iliondoka. Nilitembea kwa miguu mpaka kwa kiongozi wa korali, juu sikuwa na nguvu ya kupanda teksi. Mama yule alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu: na ile sauti ya mama wa alto mwenye tulizika mwezi uliopita? Iliondoka nayo. Alikuwa ameimba solo mu wimbo wa tano.

Nilirudisha makuta yote. Ile sauti sikuweza kurudisha.

Kwa hiyo mutu akiniambia krake ni ya bure, mie naona ule wimbo wa tano. Kati ya programu za bure za kweli na ile ya dola 60 hakuna mutu wa hapa anakosa pa kuingilia.

Nangojea maswali yenu, betri ikiisha ntajibu kesho.

—

KIJANA WA RUASHI:
Yaya asante sana kwa uzi. Mie siko na mashini, niko na simu ya Android tu na kaske ya bluetooth. Naimba R&B na nadunda kidogo. Nikirekodi juu ya biti nasikia sauti yangu inakuja nyuma ya biti kila mara hata nikijikaza. Ni mie siko na ritimu ao ni simu?

MWENYE UZI:
Mudogo wangu, ni bluetooth. Weka ile kaske pembeni leo hii hii. Bluetooth inachelewesha sauti, biti inafika ku sikio ikiwa imechelewa, wewe unaimba juu ya ile yenye umesikia, simu inaandika juu ya ile ya kweli. Chukua kaske ya waya, ile ya franka kidogo ya ku barabara, utaona umekuwa na ritimu.

Programu, chukua BandLab. Ni ya bure, iko kwa Android na iPhone na hata mu browser, inakubali treki kadhaa, iko na kusahihisha tuni na effekti. Inapenda intaneti, basi fanya kazi yako ya kuhifadhi pale uko na mega ao Wi-Fi ya mutu. Ukipata kama dola 15 siku moja, FL Studio Mobile nayo inarekodi sauti kwa simu na haikuombi intaneti kila wakati, lakini usikimbilie, BandLab itakufundisha miezi sita mizima.

Na chumba, mudogo, chumba kinashinda programu. Fungua kabati ya nguo, ingiza kichwa na simu kati ya nguo, simu umbali wa kiganja kimoja na nusu kutoka ku kinywa chako na kidogo kando, si mbele kabisa, ili "p" na "b" zisipige upepo. Weka simu mode ya ndege. Rekodi asubuhi sana mbele moulin (mashini ya kusaga) ya jirani haijawaka. Nitumie nisikie.

—

BEATMAKER WA BEL-AIR:
Mukubwa nakuheshimu ila hapa sikubali yote. FL njo lugha ya sisi vijana, nikienda kwa mutu na projekti ya Reaper nani ataifungua? Na dola 200 ni mishahara ya batu hapa. Mimi nilianza na krake na leo nakula kwa ile.

MWENYE UZI:
Ndugu, nakusikia, na sikukuita mwizi. Dola 200 ni makuta mingi na sitakuambia ni kidogo. Sikiliza tu njia ingine.

FL ya kujaribu inakuacha utumie kila kitu, hata kurekodi, na inakuacha utoe WAV (faili ya sauti nzima, haijabanwa) na MP3. Kile haifanye ni kufungua tena projekti yenye ulihifadhi, mpaka ununue. Sasa kwa mwenye hana makuta: tengeneza biti mu kikao kimoja, usizime, ukimaliza toa kila ala peke yake kama WAV, kiki peke yake, sneya peke yake, besi peke yake, zote zikianzia sekunde ya sifuri. Andika tempo na noti ya wimbo mu jina la faili, mfano 96 na La minor. Zile WAV unaziingiza mu Reaper, unarekodi sauti pale. Hata ukipoteza projekti, biti yako iko.

Na juu ya lugha: projekti ya FL yenye imejaa plagini za krake mutu mwingine nayo hataifungua, itamwambia plagini hii haipo, ile haipo. WAV kila mutu anafungua, Kinshasa, Nairobi, Paris. Wewe mwenye unakula kwa biti, weka pembeni franka kidogo kwa kila biti unayouza, ukifika Producer nunua na hutalipa tena maishani. Mufano wako ndio utawafanya badogo wanunue.

—

FUNDI SAUTI WA BUKAVU:
Salamu kutoka Bukavu. Uzi muzuri, naongeza bitatu haraka. Moja, mwenye mashini ya zamani kabisa asiogope Linux, ule mufumo wa bure wa kuweka pahali pa Windows, Audacity na Reaper zote ziko pale, na Ardour pia, programu ingine ya kurekodi, mie nilifufua laptop ya 2011 vile. Mbili, batu wakinunua kadi ya sauti (kile kisanduku cha kuchomekea mikro ku mashini) waangalie ndani ya katoni, mara mingi kuna kodi, ni namba ya siri ya kufungulia programu, Cubase ao Ableton Live Lite, batu wanatupa karatasi na programu ya kweli iko mule. Tatu, eleza bafa, juu kila siku wananiletea "mashini inachelewa".

MWENYE UZI:
Asante mukubwa. Ile ya katoni ni kweli kabisa, kadi za Focusrite Scarlett zinakuja na Live Lite. Treki 8 tu, lakini ni halali na ni yako.

Bafa. Juma iliopita kijana alikuwa hapa, amevaa kaske, anaanza ubeti na baada ya mistari miwili anasimama anatoa kaske anasema, kuna mutu mwingine anaimba mule. Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe ikirudi nyuma kidogo. Nikaangalia, bafa ilikuwa 1024 juu usiku wa jana nilikuwa namiksi, nachanganya treki za wimbo. Mashini inakusanya vipande 1024 vya sauti mbele ya kuvipitisha, na kwa 44,100 kwa sekunde ile inafanya kama milisekunde 23, na inahesabiwa wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka. Nikashusha 128, karibu milisekunde 3. Akavaa tena, akaimba mpaka mwisho macho yamefungwa.

Kwa hiyo: ukirekodi, bafa chini, 128 ao 64 kama mashini inaweza bila kupasuka-pasuka. Ukimiksi, panda 1024, mashini ipumue. Kwa Windows tumia dereva ya ASIO (programu ndogo ya kupitisha sauti mbio) yenye ilikuja na kadi yako, na kama unatumia kadi ya ndani ya mashini basi ASIO4ALL, ni ya bure. Na kama kadi yako iko na kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kiwashe, sauti inatoka mikro inaenda kaske bila kupita mu mashini, shida imeisha hata kwa mashini mubovu.

—

DADA WA KORALI, KAMPEMBA:
Kaka jambo. Sisi ni korali ya batu 25, na tulichanga tukafika dola 300. Bamoja wanasema tununue programu kubwa kwanza ndio watu watuheshimu. Wengine wanasema mikro. Tunaimba na kinanda na ngoma mbili. Utushauri tafadhali, haya ni makuta ya mama wauza mboga, hatutaki kukosea.

MWENYE UZI:
Dada, asante kwa kuniamini na makuta ya bamama. Ntajibu kama ni yangu.

Programu isipite dola 60 kati ya zile 300. Ninyi ni korali ya kanisa, Reaper kwa bei ya 60 inawahusu. Na hata ile 60 musitoe leo, muko na siku 60 za kujaribu, rekodini kwanza.

Makuta mengine: kadi ya sauti yenye milango miwili ya mikro na ile 48 volti (umeme wenye mikro ya kondensa inataka), mikro mbili za kondensa, zile zenye kushika sauti ndogo, zenye kufanana, stendi mbili, kaske moja ya kufunga masikio, na diski ya nje. Kadi kama Behringer ya milango miwili ni ya bei ya chini kuliko Scarlett na kwa korali inatosha. Bei za hapa mujini zinapanda na kushuka kulingana na mizigo ya mpaka wa Kasumbalesa, zungukieni butike tatu mbele ya kulipa, na muombe kusikiliza ile mikro, ikiwaka na ikilia, pale pale ku kaunta. Mukikosa kondensa mbili mu bajeti, kondensa moja nzuri inashinda mbili za ovyo.

Kurekodi batu 25 hakuhitaji mikro 25. Wapangeni nusu duara, soprano na alto mbele, tenori na besi nyuma, mikro mbili mbele yao juu kidogo ya vichwa, umbali wa mita mbili na nusu hivi. Mwenye sauti kali arudi nyuma hatua mbili. Usimushushe mu programu, mushushe kwa miguu yake. Kinanda na ngoma murekodi siku ingine ao mbele, kisha korali waimbe wakisikiliza, juu ngoma mbili mu chumba kimoja na mikro za korali zitameza maneno yote.

Kuhusu heshima. Mu 1952 pale Jadotville, leo tunaita Likasi, Hugh Tracey, mukusanyaji wa muziki wa Afrika, alimurekodi Mwenda Jean Bosco wa Bayeke, mupiga gitari. Mutu na gitari yake. Hakukuwa treki, hakukuwa kusahihisha tuni, hakuna mutu leo anauliza ilitumika mashini gani, na wapiga gitari wa dunia wanaumiza vidole mpaka leo kutafuta ule mupigo wake. Alikuwa amejua wimbo wake mbele mashini haijawashwa. Juma mbili za mazoezi kabla ya kurekodi zitawapa kuliko programu ya dola 600, na mazoezi ni bure.

Diski ya nje nimeitaja na nairudia. Rekodini kwa ubora wa 24-bit, na vipande 48,000 vya sauti kwa sekunde. Ile ni kama mega 8 na nusu kwa dakika kwa kila treki ya mono. Wimbo wa dakika tano wenye treki kumi ni mega 430 hivi, na mutarudia mara tatu nne, basi nyimbo nane zinafika giga nyingi. Kila jioni mukimaliza, nakilini ku diski, muichomoe, iende kulala kwa nyumba ingine, si mule mule mwenye mashini iko. Munajua kwa nini nasema hivi.

Na tafuteni laptop yenye betri inashika, hata ya kuazima. Mashini ya mezani bila betri, SNEL, kampuni ya umeme, ikikata katikati ya aleluya munaanza upya na sauti za watu zimechoka.

DADA WA KORALI, KAMPEMBA:
Mungu akubariki kaka. Nimeisoma kwa sauti mbele ya komite. Swali la mwisho, tulitaka kurekodi mwezi wa kwanza, inawezekana?

MWENYE UZI:
Kanisa lenu iko na plafon (dari ya ndani) ao malata tupu? Kama ni malata tupu, mwezi wa kwanza usijaribu dada. Mvua ikianguka pale hakuna programu ya kuiondoa, niliishajaribu zote, ukitoa mvua unatoa na "s" zote za waimbaji. Ngojeni mwezi wa tano ao wa sita, anga kavu. Ao kama haraka iko sana, anzeni saa kumi na mbili asubuhi, mara mingi mvua yetu inapenda mchana, na muvae nguo nyepesi juu feni zote lazima zizimwe na milango ifungwe.

—

KIJANA WA RUASHI:
Yaya nimerudi. Nilinunua kaske ya waya, nikaingia mu kabati kama ulisema. Ritimu iko sawa!! Sikulala nilikuwa nafurahi. Ila pale napandisha sauti mu kiitikio inapasuka, krrr krrr, nilijaribu effekti zote haitoki. Nimekutumia faili.

MWENYE UZI:
Nimesikiliza mara tatu. Kwanza sauti: ubeti wa kwanza usiuguse, ule upumuaji mbele ya neno "mama" uache vile vile, usiukate.

Ile krrr haitatoka kwa effekti, sauti iligonga dari ya namba na kile kimekatwa kimekatwa. Njia ni kuirudia. Mara hii imba kwanza ile sehemu ya juu kabisa ya kiitikio, kwa nguvu yote kama siku ya jukwaa, na uangalie mita: ile kilele ifike karibu na alama ya -12, isiguse sifuri hata mara moja. Kama inapita, shusha kiasi cha kuingilia mu programu. Kama programu haikuachi ushushe, rudi nyuma mpaka mukono mzima kutoka ku simu pale kiitikio kinaanza, kisha sogea tena kwa ubeti. Itasikika ndogo ukirekodi, usiogope, kupandisha ni kazi ya baadaye.

Rudia kiitikio tu, usirudie wimbo wote. Kesho asubuhi mbele moulin haijaanza. Nitumie WAV, si ile ya WhatsApp, ile inaibana.